Maswali Yenu: Wawili Wanatosha Kuanza Mazoezi

Barua nne za mwezi huu zinagusa jambo moja, wenzetu wa kusaidiana nao katika imani. Walioandika wote ni watu wa michezo, kwa hiyo nasi tumewajibu kwa lugha ya uwanjani.

Bwana Yesu asifiwe, mhariri. Nimehamishiwa Dodoma kikazi kutoka Njombe, huu mwezi wa tano. Kanisani tunajaa hadi nje, lakini nikitoka hakuna anayejua jina langu. Ninaowajua ni wachezaji wenzangu wa bonanza la Jumamosi, na mechi ikiisha wote ni baa. Nitawapataje wenzangu wa imani? – Kaka wa Dodoma

Amina, kaka. Uwanjani mko kumi na mmoja, ila ukipokea mpira umeupa goli mgongo unahitaji wawili tu: wa kukupigia kelele "Mtu nyuma!" na wa kusogea karibu umpe pasi. Tafuta hao wawili, wanane wengine watakuja wenyewe.

Kwa Jumapili nne kaa benchi lile lile. Watu humzoea mtu kwa mahali anapokaa kabla hawajajua jina lake. Macho yako yasiende kwa anayeshika maikrofoni. Mwangalie anayefika mapema kupanga viti na anayebaki kukunja nyaya za spika watu wakishaondoka, kwa sababu unamtaka mtu anayekuja hata pasipo wa kumwona. Wiki hizo hizo mpelekee mzee wa kanisa wa mtaa wako barua ya utambulisho kutoka Njombe, na umuulize ibada ya nyumba kwa nyumba hufanyika siku gani. Kanisani usipokuja hakuna anayejua. Sebuleni kwenye viti kumi, kimoja kikiwa wazi kila mtu anakiona.

Ukishampata mtu, omba kitu kidogo. Ukisema "nataka uwe rafiki yangu wa kiroho" utamtisha. Sema, "Jumatano ukitoka kazini, tusali pamoja dakika 20?" Akija mara mbili kati ya tatu, endeleeni. Asipokuja, muombe mwingine bila kinyongo.

Halafu chagua wa kasi yako. Wakimbiaji wanajua kwamba siku ya mbio nyepesi unatakiwa uweze kuongea huku unakimbia. Ukishindwa kuongea, unamfukuzia mtu. Ukijifunga kwa ndugu anayefunga siku tatu kavu na kukesha kila Ijumaa, mwezi wa pili utaona aibu na kuanza kumkwepa. Huyo mfanye kocha, umtembelee mara moja kwa mwezi. Mwenzako awe pia wa kufikika kwa daladala moja, na awe mwanamume kama wewe. Hilo la mwisho linapunguza maneno mtaani.

Bonanza usiliache. Nenda nao, kunywa soda yako, lakini saa ya kuondoka uwe umeitaja kabla ya kukaa. Jitolee pia kubeba mfuko wa mipira na jezi. Kwenye timu nyingi yuko mwingine anayetafuta sababu ya kuondoka mapema, na mfuko ule una mikanda miwili.

Mhariri, hujambo? Tulianza kundi la maombi tukiwa vijana wanane, tukafungua WhatsApp. Miezi miwili baadaye limebaki la kutumiana mistari ya asubuhi na "Amina". Tulikosea wapi? – Msomaji, Eldoret

Hatujambo. Kwa kuwa uko Eldoret, tuanze na jirani yenu. Tarehe 12 Oktoba 2019, jijini Vienna, Eliud Kipchoge alimaliza kilomita 42.195 kwa saa 1:59:40. Walioongoza kasi walikuwa 41, lakini hawakuingia barabarani wote pamoja. Kila wakati walikuwa saba, watano mbele na wawili nyuma. Kila mmoja alijua nafasi yake na mahali pa kutoka, na aliyetoka alipumzika. (Kupokezana huko ni moja ya sababu mbio zile hazikuandikwa kuwa rekodi rasmi ya dunia. Kwenye imani hakuna anayekukata muda kwa sababu ulisaidiwa.)

Ninyi mlikuwa wanane na hakuna aliyekuwa na nafasi yake. Katika watu wanane ni rahisi mmoja kujificha, na mwenye mdomo akala muda wa wote. Gawanyikeni: watatu, watatu, wawili. Kila kundi lichague siku na saa, na likutane ana kwa ana kwa dakika 45. Dakika 10 za kwanza someni aya chache, tuseme kumi za Injili ya Marko, bila mahubiri. Dakika 25 ni za swali moja kwa kila mtu: wiki hii imani yako imebanwa wapi? Mkiwa watatu, kila mmoja ana dakika nane hivi, na mshika saa abadilike kila wiki. Dakika 10 za mwisho kila mtu amwombee aliye kulia kwake kwa jambo alilolisema, si kwa "mahitaji yake yote".

Asiyefika apigiwe simu siku hiyo hiyo. Kupiga, si kuandika. Akikosa mara mbili, nendeni kwake. Wiki ya nane simameni mwulizane kama mnaendelea, kwa sababu kundi lisilo na mwisho hufa kwa watu kuoneana haya. Wote wanane kutaneni mara moja kwa mwezi, mle pamoja.

Jambo ambalo watu hawalisemi ni kukopeshana. Mwenye deni la shilingi elfu mbili kwa mwenzake, Alhamisi atakuwa na udhuru. Kubalianeni mapema kwamba ndani ya kundi hakuna mkopo. Mwenye shida achangiwe bila kurudisha, au aende kwenye chama.

Tumsifu Yesu Kristo. Nilimweleza mwenzangu wa timu ya netiboli, ambaye tuko naye jumuiya moja, shida ya ndoa yangu. Wiki iliyofuata kwenye jumuiya akaombea "dada yetu anayepitia majaribu ya ndoa". Wote wakanigeukia. Nifanye nini? – Dada wa Bukoba

Milele amina, dada, na pole sana. Huo ni umbea uliovalishwa sala, na umeenea kuliko tunavyokiri. Kwenye netiboli ukikaa na mpira zaidi ya sekunde 3 umepigiwa filimbi. Siri ya mwenzako ina sheria ya kinyume: ukishapewa, haitoki mikononi.

Mwone peke yake ndani ya wiki hii, kama Mathayo 18 inavyoelekeza, usimtume mtu. Mtajie maneno yake kama alivyoyasema. Usiseme "umenitangaza", maana atabishana juu ya neno hilo. Akiomba radhi, msamehe, ila usimrudishie yote siku moja. Mpe jambo dogo, subiri mwezi, uone kama limebaki kwake. Wa pili utakayemtafuta mwambie sheria kabla ya habari: "Hili halitoki hapa, hata kwa sala."

Siri hiyo ina mpaka. Ikiwa shida ya ndoa ni kipigo, au mtoto anaumizwa, au mtu anafikiria kujidhuru, hapo kunyamaza ndilo kosa. Peleka kwa anayeweza kuzuia: paroko, wazazi wa pande zote, dawati la jinsia polisi. Na mambo ya kitubio yabaki kwa padre, ambaye kufunga mdomo kwake ni sheria ya Kanisa.

Fainali yetu imewekwa Jumapili saa 3 asubuhi. Nicheze? – Beki, Mwanza

Eric Liddell wa Uskoti alikataa mbio za mita 100 za Olimpiki ya Paris mwaka 1924 kwa sababu mchujo wake ulikuwa Jumapili. Alijua ratiba miezi kadhaa kabla, akasema mapema, akafanya mazoezi ya mita 400, akachukua dhahabu. Wewe mwambie kapteni leo, si Jumamosi usiku. Ombeni mechi isogezwe hadi jioni. Ikishindikana, ulizia kama kanisani kwenu kuna ibada ya kwanza ya saa 12. Kama dhamiri bado inakataa, usicheze, lakini kabla ya Ijumaa mpelekee kapteni beki wa kuziba namba yako.