Boneti haikai juu? Badilisha shokapu zote mbili

Kaka, boneti ya BMW E46 kukushukia kichwani ukipima oili si jambo la kuchekea. Shokapu zake, yaani zile fimbo mbili za gesi zinazoishikilia juu, zimeisha: ndani mna gesi ya naitrojeni iliyoshindiliwa, sili ikichoka inavuja polepole. Asubuhi ya baridi ndiyo hulegea zaidi. Mimi nilitembea na mpini wa ufagio wa kuegemeza boneti kwenye buti mwaka mzima, ubahili tu. Nunua jozi mpya. Za mtumba nazo zimezeeka. Linganisha namba iliyoandikwa kwenye silinda ya shokapu. Mtu akushikilie boneti, legeza klipu kwa bisbisi ndogo, chomoa, kisha funga mpya zikielekea kama za mwanzo. Za zamani usizitoboe wala kuzitupa motoni, zinalipuka.