Spoki Zinakatika Kila Mara: Nibadili Gurudumu au Nibadili Fundi?

Swali

Ndugu Mshauri, salaam. Mimi ni mwalimu, ninaishi Mbalizi na ninafundisha jijini Mbeya, jirani na Mwanjelwa. Kila siku ya kazi huendesha baiskeli takriban kilomita 24, kwenda na kurudi. Mwaka jana nilinunua baiskeli ya mashindano ya mtumba, nyepesi na ya kupendeza, lakini katika miezi minne iliyopita spoki nne za gurudumu la nyuma zimekatika moja baada ya nyingine, na zote zimekatikia kwenye kona, pale zinapoingia kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Gurudumu hilo lina spoki 20 tu. Nina kilo 84, na mgongoni hubeba madaftari ya wanafunzi. Muuzaji mmoja ananishauri ninunue magurudumu ya kaboni, naye fundi wangu anasema kosa ni uzito wangu. Isitoshe, asubuhi ninapopanda Iwambi, gia yangu nyepesi kuliko zote bado ni nzito. Mbele nina meno 52 na 39, na nyuma gia kubwa ina meno 25. Nifanye nini?

Mwalimu, Mbalizi

Jibu

Mwalimu, kilo 84 si kosa. Spoki haikatiki kwa kuwa siku moja ilibebeshwa mzigo mkubwa. Hukatika kwa kuchoka, kama waya unavyokatika ukikunjwa na kunyooshwa mara nyingi. Gurudumu linapozunguka, spoki zinazofika chini, pale tairi linapokanyaga barabara, hulegea kidogo, na zikishapita hapo hurudi kukaza. Gurudumu lako husafiri karibu mita 2.1 kwa mzunguko mmoja, na kwa hiyo katika kilomita zako 24 kila spoki hulegea na kukaza zaidi ya mara 11,000 kwa siku. Spoki iliyokazwa sawasawa huvumilia hali hiyo kwa miaka, kwa sababu hata inapolegea hubaki na mvuto wa kutosha. Ile iliyokuwa legelege tangu mwanzo hucheza ndani ya tundu lake, na chuma huanza kupasuka kwenye kona, hapohapo ulipopataja.

Gurudumu la nyuma ndilo huumia kwanza, kwa kuwa hubeba sehemu kubwa ya uzito na lina ulemavu wa kuzaliwa: gia zimekaa upande wa kulia, hivyo ringi haiwezi kukaa katikati ya fremu mpaka spoki za kulia zikazwe zaidi ya za kushoto, ambazo mvuto wake huweza kushuka hadi karibu nusu ya zile za kulia. Gurudumu likiwa na spoki 20 tu, kila moja hubeba fungu kubwa, na ikikatika moja ringi hupinda papo hapo na kuanza kusugua breki. Kuweka spoki moja mpya kila mara, kama mnavyofanya sasa, hakutamaliza tatizo, kwa kuwa zile zilizobaki zimekwisha kuchoka kwa kiasi kilekile na zinasubiri zamu yao.

Kuhusu kaboni, ninapinga bila kusita. Ringi ya kaboni inayofungwa kwa raba za breki hushika vibaya ikilowa na hupata joto kali kwenye mteremko mrefu. Wewe jioni unashuka Iwambi ukiwa na malori nyuma yako, na kuanzia Novemba hadi Aprili mara nyingi utashuka kwenye mvua. Fedha hiyo itumie kwa jambo lisilo na fahari: ringi ya aluminiamu yenye kuta mbili na tundu 36 kwa nyuma, na tundu 32 kwa mbele. Baiskeli za zamani za mtindo wa Kiingereza, zile zilizobeba magunia ya viazi na mikungu ya ndizi katika milima yetu, nyingi zilikuwa na spoki 32 mbele na 40 nyuma, na waliozitengeneza hawakuwa wajinga.

Chagua spoki za chuma kisichoshika kutu, zenye unene wa milimita 2.0. Ukipata zile zilizopunguzwa katikati hadi milimita 1.8, ni bora zaidi, kwa kuwa hunyumbuka kidogo na kuipunguzia kona mshtuko kila unaporuka rasta na matuta. Habu iwe ya aina ambayo gia huvalishwa juu yake, si ile ya friwili, ambapo gia zote hufungwa kwa kuzungushwa kama skrubu, kwani huacha ekseli ndefu bila egemeo upande wa kulia hadi inapinda au kuvunjika. Pima pia nafasi kati ya miguu ya nyuma ya fremu: nyingi za mashindano zenye gia 8 hadi 11 na breki za ringi zina milimita 130, ilhali habu nyingi za baiskeli za milimani ni milimita 135.

Upo mtego mmoja dukani ambao umewaponza wengi. Namba 28 huandikwa kwenye tairi la Phoenix, ile baiskeli nzito ya mtindo wa Kiingereza, na vilevile kwenye matairi kadhaa ya baiskeli kama yako, lakini ringi zake hazilingani: ile ya kwanza ina kipenyo cha milimita 635, yako 622. Usimwonyeshe muuzaji tairi kwa kidole tu. Soma ubavuni mwa tairi mpaka uone maandishi kama 28-622 au 32-622, ambapo namba ya kwanza ni upana wa tairi na ya pili ni kipenyo cha ringi, kwa milimita. Chukua tairi la milimita 32 ikiwa fremu na breki zinaliruhusu, vinginevyo 28, na usilijaze upepo hadi liwe gumu kama jiwe.

Sasa fundi. Gurudumu jema ni kazi ya mkono kuliko bei. Mwombe asuke kila spoki ipishane na nyingine tatu kabla ya kufika kwenye ringi, na akimaliza azibane kwa viganja, jozi kwa jozi, kuzunguka gurudumu lote, kisha anyooshe tena. Kubana huko huzikalisha spoki mahali pake na ndiko mafundi wengi wenye haraka hukuruka. Wewe mwenyewe unaweza kukagua: zigonge kwa kucha kama nyuzi za zeze, ukilinganisha za upande mmoja peke yake. Zikitoa sauti inayokaribiana, mlipe kwa moyo mweupe. Baada ya wiki mbili mrudishie alikague.

Kwa upande wa gia, 39 mbele na 25 nyuma hukusogeza karibu mita 3.3 kwa kila mzunguko wa pedeli, na hayo ni maisha ya mshindani, si ya mtu mwenye mkoba wa madaftari. Gia ya nyuma yenye meno 32 itakushusha hadi mita 2.6, na ukibadilisha na za mbele ziwe 50 na 34 utafika mita 2.2. Anza na ya nyuma, baada ya fundi kuhakikisha kwamba kifaa kinachohamisha mnyororo kinaweza kulibeba duara kubwa hivyo. Kama unaweza kuchagua, chukua gia 8 za nyuma: mnyororo wake ni rahisi kupatikana kuliko ule wa gia 11.

Swali

Ringi yangu ya mbele imebonyea pembeni kama kijiko, ingawa haijapinda. Je, ni hatari?

Msomaji, Njombe

Jibu

Ni hatari, ndugu yangu. Raba za breki zikichanganyika na tope la mchanga huusaga ukuta wa ringi, na ukuta ukishakuwa mwembamba, msukumo wa upepo wa tairi huweza kuupasua ghafla, mara nyingi wakati wa kufunga breki. Breki za fimbo za baiskeli za wazee hubana upande wa ndani wa ringi, kwa hiyo haziugusi ukuta unaoshikilia tairi. Badilisha ringi hiyo kabla hujaiendesha tena, na raba uzitoe punje za mchanga kwa ncha ya kisu kila baada ya safari ya tope.