Jibu: Modeli inazunguka yenyewe bila kugusa kidhibiti

Ndugu, umesema umejitengenezea kidhibiti cha kuzungusha modeli za 3D kwenye kompyuta, ukatumia jostiki nne na Arduino Pro Micro (bodi ndogo inayopokea programu yako), na modeli inaendelea kuzunguka taratibu hata ukiachia kichwa cha kidhibiti. Bodi haina tatizo. Chipu yake, ATmega32U4, ina USB ndani, na ndiyo sababu kompyuta inaitambua moja kwa moja, usiibadilishe.

Kasoro iko kwenye sifuri, yaani thamani inayohesabiwa kuwa jostiki imetulia. Jostiki za kawaida hazirudi katikati kamili. Kipimo ni 0 hadi 1023, kwa hiyo programu yako inadhani katikati ni 512, kumbe mhimili mmoja (mwelekeo mmoja wa jostiki) umetulia kwenye 498 na mwingine 527. Kila unapowasha, usiguse kitu, soma kila mhimili mara 200, chukua wastani, huo ndio uwe sifuri yake. Kisha weka eneo tulivu, ambamo programu haisogezi kitu, la kama 30 kila upande wa sifuri hiyo. Hapa wengi hukosea: ukishavuka hilo eneo, punguza hizo 30 kwenye umbali kutoka sifuri, la sivyo modeli itaruka ghafla badala ya kuanza polepole.

Mimi huongeza pia mkunjo wa kipeo cha tatu (thamani ijizidishe yenyewe mara tatu), ili mguso mdogo usogeze kidogo sana. Ukichora tundu la skrubu utaona raha yake!

Baadaye, ukiweza, hamia kwenye sensa za Hall, zinazopima mwendo kwa sumaku. Hazigusani na chochote, hivyo hazilika kama potenshiometa, vipimo vya kusuguana vilivyo ndani ya jostiki za kawaida. Lakini rekebisha programu kwanza.