Spika za nyuma: acha kukimbilia wati, anza na mahali utakapoziweka

Mkuu, nimeelewa hali yako hivi: risiva yako ya sinema ya nyumbani (mashine inayogawa sauti na kuendesha spika zote) imeandikwa wati 80 kwa kila chaneli, yaani njia ya sauti ya spika moja, spika za mbele na ya kati unazo, sasa unatafuta mbili za nyuma. Muuzaji amekwambia uchukue za wati 150 na uongeze amplifaya ya kuziendesha, la sivyo hazitakuwa na nguvu. Nimefunga mifumo ya namna hii kwangu na kwa ndugu na marafiki miaka mingi. Kwa risiva uliyonayo, hakuna haja ya amplifaya hiyo.

Namba ya wati iliyobandikwa mgongoni mwa spika inakueleza inaweza kuhimili umeme kiasi gani kabla ya kuungua, basi. Spika ya wati 150 italia vizuri tu kwenye risiva ya wati 80, na ya wati 60 kwenye risiva hiyohiyo inaweza kuizidi kwa sauti. Namba ya kutafuta ni sensitiviti: spika inatoa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) ngapi ukiipa wati 1 na kuipima ukiwa mita 1 mbele yake. Spika nyingi za nyumbani ziko kati ya desibeli 84 na 91.

Twende kwenye hesabu, maana hapa ndipo watu wanapoteza hela bila sababu. Chukua spika ya desibeli 87, na wewe umekaa mita 2 kutoka ilipo. Umbali ukiongezeka mara mbili unapoteza desibeli kama 6. Chumbani hasara huwa ndogo kidogo kwa sababu kuta zinarudisha sauti, lakini tuhesabu kana kwamba hazirudishi. Wati 1 inakufikia ikiwa desibeli 81. Kila ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3: wati 2 ni 84, 4 ni 87, 8 ni 90, 16 ni 93, 32 ni 96, 64 ni 99. Katika kiwango rasmi cha sinema kilele cha kila chaneli ni desibeli 105, na sebuleni watu wengi wanasikiliza desibeli 10 chini ya hapo au zaidi. Maana yake kilele chako ni kama 95, na wati 30 hivi zinakufikisha. Hicho ni kilele cha mlipuko wa mara moja. Mvua, upepo na kelele za umati zikiendelea nyuma yako, spika mara nyingi haifikishi hata wati 1.

Sasa angalia upande wa pili wa hesabu hiyohiyo. Kutoka wati 80 kwenda 160 umeongeza desibeli 3 tu. Ukinunua spika ya desibeli 90 badala ya ya 87 umepata desibeli 3 hizohizo, na hujaongeza kifaa wala waya.

Kuna mtego mmoja kwenye karatasi za viwanda. Sensitiviti mara nyingi hupimwa kwa volti 2.83. Kwa spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa spika kwa umeme) hiyo ni wati 1 kamili, ila kwa ya omu 4 ni wati 2. Kwa hiyo ukiona spika ya omu 4 inajisifia desibeli 89 kwa volti 2.83, ondoa 3 kichwani kabla ya kuilinganisha. Tena omu 4 inaikamua risiva umeme mwingi zaidi. Kwa za nyuma mimi huchagua omu 8, au 6 kama risiva imeruhusiwa.

Soma pia hizo wati 80 za risiva yako zimepimwaje. Kama imeandikwa chaneli mbili zikifanya kazi, hezi (mitetemo ya sauti kwa sekunde) 20 hadi 20,000, sauti ikivurugika chini ya asilimia 0.1, hizo ni wati za kweli. Kama ni chaneli moja, hezi 1,000, kuvurugika asilimia 10, kata sehemu kubwa. Na chaneli zote tano zikivuta kwa pamoja kila moja inapata pungufu, kwa kuwa zinagawana transfoma moja. Siku ukitaka kuongeza amplifaya, kama risiva ina matundu ya kutolea sauti isiyokuzwa, ipe kazi ya kuendesha spika za mbele na ya kati. Hizo ndizo zinazobeba mzigo. Risiva ikibaki na za nyuma tu itapumua.

Besi nayo usiwaachie watoto hawa wa nyuma. Kama una sabufa, yaani spika maalumu ya besi, ingia kwenye menyu ya risiva, weka spika za nyuma kwenye "Small" na krosova (mpaka wa kugawa sauti nzito na nyingine) kwenye hezi 80. Sauti nzito zote zinahamia kwenye sabufa, na hapo spika ndogo yenye wufa (koni ya sauti nzito na za kati) ya inchi 5 inatosha kabisa.

Ila neno "ndogo" lisikupeleke kwenye spika yoyote ya bei rahisi. Mazoea hayo yametoka mbali. Dolby Pro Logic, mfumo wa sauti za sinema nyumbani wa mwaka 1987, ilikuwa na chaneli moja tu ya nyuma, spika zote mbili zinapewa kitu kilekile, na kimekatwa juu ya hezi 7,000. Wakati ule kispika chochote kilifaa. Mfumo wa baadaye, Dolby Digital, ulipokuja miaka ya 1990, kila spika ya nyuma ikapewa chaneli yake kamili. Ndiyo maana nasisitiza zitoke kwenye familia moja na za mbele zako, au angalau ziwe na twita (kispika cha sauti nyembamba) ya aina moja. Gari likipita kutoka mbele kushoto hadi nyuma yako, zisipofanana utasikia injini inabadilika katikati ya chumba.

Mahali pa kuziweka ndipo penye faida kubwa kuliko vyote hivyo. Pendekezo la ITU (shirika la kimataifa la mawasiliano) kwa mfumo wa 5.1, yaani spika tano na sabufa moja, ni nyuzi 100 hadi 120 kutoka mbele yako, yaani ubavuni na nyuma kidogo ya masikio. Watu wengi wanazibandika kwenye pembe za ukuta wa nyuma, mbali kabisa, halafu wanalalamika hazisikiki. Ziweke juu kidogo ya usawa wa masikio ya aliyekaa, ili kichwa cha jirani kisizibe. Kama kochi limegusa ukuta, livute mbele hata nusu mita. Likikataa, zifunge kwenye kuta za pembeni zikikutazama kutoka kulia na kushoto. Mtu wa ukingoni akiwa amebanana na spika moja, igeuze iangalie mbele ya kochi badala ya kumlenga sikioni.

Waya: shaba halisi ya milimita za mraba 1.5 inatosha safari ya mita 15, zaidi ya hapo panda hadi 2.5. Alumini iliyopakwa shaba ina ukinzani mkubwa zaidi, hivyo chukua nene zaidi. Zile spika "zisizo na waya" nyingi bado zinahitaji soketi ya umeme, hilo halitangazwi kwa sauti kubwa.

Menya waya, sokota nyuzi zake vizuri, kisha kagua kwa tochi. Rafiki yangu risiva yake ilikuwa inajizima kila filamu ikipamba moto, fundi akashauri abadilishe risiva. Nyuma ya spika ya kushoto tulikuta uzi mmoja wa shaba, mwembamba kama unywele, umetoka kwenye skrubu nyekundu na kugusa nyeusi. Tuliukata, na risiva haikuzima tena.

Mwisho fanya upimaji kwa maikrofoni ya risiva, ikiwa juu ya stendi pale kichwa kinapokaa, nyumba ikiwa kimya. Hakikisha umbali ilioandika unakaribiana na wa futi kamba. Sabufa tu ndiyo huandikwa mbali kuliko ilipo, na hiyo ni kawaida. Ikikwambia waya zimepinduka, angalia chanya na hasi kabla ya kuipuuza. Ukiona nyuma pamepooza, ongeza desibeli 1 au 2, usizidi hapo.

Nitajie umbali wa kochi hadi ukuta wa nyuma na upana wa chumba, nikuelekeze pa kutoboa.