Ripoti Kwanza, Futa Baadaye

Julai 2024 Ziwa Tanganyika lilikuwa limefungwa. Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 hakuna aliyevua. Pale Kibirizi, mwalo wetu wa Kigoma, mitumbwi ilikuwa imepandishwa mchangani, na sisi wauza dagaa tulikuwa tunauza akiba. Ndipo mgeni mmoja akaibuka kwenye kundi letu la WhatsApp na picha ya vichanja vilivyofurika: "Dagaa wa Kigoma, wamevuliwa jana usiku. Tuma nusu ya hela nikupakilie."

Mimi ni admini wa kundi hilo. Niliusoma ujumbe, nikasonya, nikapita. Nani atamwamini mtu anayeuza dagaa wa jana usiku na ziwa limefungwa? Nilisahau kwamba wanakundi wengi ni wanunuzi wa Dodoma na Morogoro, ambao hilo ziwa lenyewe hawajawahi kuliona. Siku ya tatu akanipigia mteja wangu wa miaka mingi. "Dada, mzigo wangu umeshapanda treni?" Mzigo gani? Alikuwa ametuma hela ya ada ya mtoto, akiamini kila aliyemo kundini tunamfahamu. Nilikosa la kumwambia. Mpaka leo linaniuma.

Kwa hasira nikafuta tangazo na kumtoa yule tapeli. Hapo nikakosea tena, na kosa hili naona wengi wanalirudia. Mteja alipokwenda polisi aliulizwa ujumbe wenyewe uko wapi. Nilikuwa nimeufuta kwa wote.

Sasa kabla ya kufuta chochote napiga skrinshoti inayoonyesha namba, tarehe na saa. Kisha nabonyeza ujumbe huo bila kuachia mpaka menyu itokee, naripoti. Msiogope: anayeripotiwa haambiwi nani kamripoti. WhatsApp ikiripotiwa mtu hupokea jumbe zake za mwisho, hadi tano, kwa hiyo ukishafuta kila kitu unawapelekea mikono mitupu. Na kuzuia namba peke yake kunakuokoa wewe tu. Jirani yako anaendelea kutumiwa. Zile SMS za "ile hela tuma kwenye namba hii" zipeleke 15040, namba ya kuripoti utapeli, pamoja na namba iliyozituma. Kama hela imeshatoka, piga simu kwa mtandao wako dakika hiyohiyo, kabla tapeli hajaitoa kwa wakala.

Ila picha ya utupu wa mtoto ni jambo jingine kabisa. Hiyo usiihifadhi, wala usiisambaze hata kwa nia njema ya kuuliza "nani anamfahamu binti huyu?" Kila anayeirusha anamuumiza upya, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamgusa msambazaji. Andika namba iliyoituma, ripoti, nenda polisi.

Yule mteja bado ananunua kwangu. Na siku hizi ziwa likifungwa, asubuhi ileile naandika kundini: "Wapendwa, kuanzia leo hakuna dagaa wa jana usiku. Atakayewauzia, nileteeni namba yake kabla hamjafuta."