Lori kuchemka baada ya kubadilisha pampu ya maji

Kaka, unasema pampu ya maji ni mpya na rejeta (tangi la kupozea maji ya injini) imejaa, lakini ukianza kupanda mlima wa Mazeras geji ya joto inaruka na hita inapuliza baridi. Hiyo ni hewa imenasa ndani ya njia za maji ya injini. Usianze kulaumu pampu.

Ngoja injini ipoe kabisa. Ukifungua mfuniko wa rejeta kungali moto, maji yatakuruka usoni. Changamwe nimeona fundi akiungua mkono mzima. Egesha pua ikiwa juu kidogo, weka hita kwenye joto la mwisho (najua, nani awasha hita Mombasa? lakini njia yake ya maji lazima ifunguke), kisha legeza skrubu ya kutolea hewa, mara nyingi iko karibu na thamostati (vali inayofungua maji yakipata moto). Mimina kulanti (maji maalum ya kupozea injini) polepole kwenye rejeta mpaka pale kwenye skrubu itoke kulanti tupu, bila mapovu. Kaza. Washa, iache ingurume mpaka hosi za rejeta, ya juu na ya chini, zote ziwe moto.

Kesho asubuhi, ikiwa baridi, kagua kiwango cha kulanti na uongeze. Maji ya kisima usitie, yana chumvi. Mapovu yakizidi kuja, shuku gasketi ya silinda hedi (ile inayoziba kati ya bloku ya injini na kichwa chake).