"Resistance": usugu, ukinzani au upinzani?

Mwaka wangu wa kwanza chuoni nilinunua kamusi ya Kiingereza nikadhani imenitosha. Neno nisilolijua nililitafuta. Neno nililolijua nililiacha lipite. Makosa yangu mabaya zaidi yalitoka kwenye maneno niliyoyajua. Ndiyo maana nawaandikia ninyi mnaoanza chuo sasa Maseno, Kakamega, Njoro na vyuo vya mjini Kisumu.

Chukueni neno "resistance". Katika historia tulisoma ile ya Wanandi, waliopigana na Waingereza miaka kadhaa mpaka kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, alipouawa mwaka 1905. Hapo kuna watu, kuna nia, kuna adui anayekataliwa. Ukiingia darasa la fizikia, neno lilelile ni kipimo tu: volti ugawanye kwa ampea, upate jibu katika omu. Waya hauna ugomvi na mtu.

Mimi niliponzwa na somo la tatu, la afya. Huku ziwani malaria tunaijua tangu utotoni, na nilijua pia kwamba Kenya iliacha klorokwini kama dawa ya kwanza mwaka 1998, ikahamia SP (sulfadoksini na pirimethamini), kisha mwaka 2004 ikaamua kutumia dawa mseto zenye artemisinini. Nikaandika kwenye insha kwamba vimelea "vilijifunza kuipinga dawa". Mhadhiri akapiga mstari, akaandika kando: kimelea hakijifunzi. Alikuwa na haki. Kinachotokea ni kwamba vimelea vichache tayari vina mabadiliko ya jeni yanayoviwezesha kustahimili dawa. Vingine vinakufa, hivyo vichache vinabaki na kuzaana, na baada ya muda ndivyo vinavyojaa. Hakuna nia wala mpango. Nilikuwa nimewatia mashujaa wa Nandi ndani ya kimelea, na sikujua kwamba nimefanya hivyo.

Kilichonitoa hapo ni Kiswahili. Nilipojaribu kumweleza mama yangu mdogo insha yangu, midomo yangu yenyewe ilikataa kusema vimelea vina "upinzani". Nikasema vimekuwa sugu. Papo hapo nikaona: usugu ni wa kimelea, ukinzani ni wa waya, upinzani ni wa watu. Kiingereza kimeviweka vitatu chini ya paa moja, lugha yetu imevijengea nyumba tatu. Tangu siku hiyo, kila neno zito la Kiingereza nalipitisha kwenye Kiswahili kabla ya kulitumia kwenye karatasi. Likihitaji maneno mawili tofauti kwa masomo mawili, najua nimeshika dhana mbili, si moja.

"Culture" linapita kwa urahisi: kwa mwanaanthropolojia ni utamaduni, maabara ni kuotesha bakteria ili waonekane. "Stress" lina msongo wa mawazo upande mmoja, na upande wa wahandisi ni mkazo, yaani kani juu ya eneo, unaopimwa kwa paskali. Lakini angalieni, mkazo huohuo ndio wa isimu, ule unaotenganisha barabara ya magari na barabara ya "sawasawa". Kwa hiyo kichujio changu kina matundu.

Tundu kubwa zaidi nimelikuta kwenye "community". Sote tunasema jamii na kuendelea. Ila kwa mhudumu wa afya ni kaya anazozitembelea, na kwa mwanaikolojia ni viumbe wa aina zote waishio pamoja mahali fulani: sangara, ngege, mwani na gugu maji wa Ghuba ya Winam, kwenye Ziwa Viktoria, wote ni jamii moja. Kiswahili hapo hakikuoneshi kitu. Lazima uulize: nani yumo humu, na anahesabiwaje? Msiogope kumuuliza mhadhiri. "Samahani Daktari, katika somo lako neno hili linapimwaje?" Sijawahi kumwona aliyekasirishwa na swali hilo.

Kuhusu "significant" naomba mtulie kidogo, maana limeharibu ripoti nyingi nilizozisoma. Katika insha ya historia ni muhimu, basi. Katika takwimu maana yake ni kwamba kama kusingekuwa na tofauti yoyote, matokeo kama haya yangekuwa nadra. Na mpaka wa unadra tunaoutumia, 0.05, yaani mara 5 katika 100, ulienezwa na mwanatakwimu R. A. Fisher katika kitabu chake cha mwaka 1925. Neno hilo halisemi tofauti ni kubwa. Ukipima wagonjwa maelfu, hata shinikizo la damu lililoshuka kwa milimita 1 ya zebaki laweza kuwa "significant", na bado daktari asione sababu ya kubadili dawa. Andikeni sentensi mbili: moja kwamba tofauti haielekei kuwa ya bahati tu, nyingine kwamba inamfaa au haimfai mgonjwa.

Nina daftari la haya maneno, ukurasa mmoja kila neno, mstari mmoja kila somo. Ukurasa wa "power" una mamlaka, wati, na kipeo cha hesabu. Mstari wa nne niliuandika mwaka wa tatu, usiku wa kuamkia siku ya kutetea pendekezo langu la utafiti, baada ya rafiki anayesoma takwimu kunieleza kuwa ni uwezo wa utafiti kugundua tofauti iliyopo kweli. Alitumia mfano wa tochi: yenye betri zilizochoka haitaiona sindano iliyoanguka sakafuni, nawe utasema sindano haipo. Betri za utafiti, akasema, ni idadi ya unaowapima. Nilikuwa nimepanga kaya 30. Asubuhi, kabla ya kikao, nilikwenda kwa msimamizi wangu kumwomba tuongeze.